Namna ya kuandaa mazungumzo ya jioni kuhusu mwanasiasa mhamiaji: tulivyomfanya Carl Schurz

Wenzangu wa mabaraza ya Kiswahili katika miji mingine ya Marekani wamekuwa wakiniuliza tunavyoandaa jioni zetu za historia hapa Milwaukee, hasa ile ya Carl Schurz, Mjerumani aliyehamia Marekani akawa seneta na waziri, ambayo vijana wanaibishania mpaka leo. Naeleza hapa kazi nzima, tangu kuchagua swali hadi kufunga mjadala. Nitamtumia Schurz mwanzo hadi mwisho. Nilifundisha historia Kigoma kabla ya kuhamia huku, na katika watu wote niliowahi kuwasimulia mbele ya darasa au baraza, huyu ndiye anayewafanya watu wangu wakae wima kwenye viti.

Wasikilizaji wetu nawajua. Wengi wamekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, asili yao Fizi na Uvira kule Kongo. Wapo Warundi, wapo Watanzania wachache, na wazee kutoka Mombasa. Wote wameshawahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi wakiwa na karatasi mkononi. Ukiandaa mazungumzo bila kulikumbuka dirisha hilo, utaandaa kwa ajili ya watu wengine.

Anza na swali, mtu atafuata

Mwanasiasa akisimuliwa kwa kufuata vyeo vyake, watu husinzia. Alizaliwa 2 Machi 1829 huko Liblar, karibu na mji wa Köln, Ujerumani. Alikuwa seneta wa Missouri kuanzia 1869, waziri kuanzia 1877, akafariki New York tarehe 14 Mei 1906. Yote ni kweli, na hayamshiki mtu.

Andika swali moja juu ya karatasi yako kabla ya kusoma chochote. La kwangu lilikuwa hili: mgeni aliyepokelewa na nchi, ana haki ya kuikosoa? Wazee wetu husema, “Sisi ni wageni, tunyamaze.” Vijana hawakubali. Swali lilikuwa limeshakaa sebuleni kwa kila mmoja wetu, mimi nililitafutia mtu wa kulibeba tu. Schurz alilibeba miaka hamsini na zaidi, mara nyingi kwa kupingana na chama chake mwenyewe, na sehemu nyingine alikosea vibaya. Makosa hayo yaingie kwenye mazungumzo yako pia. Bila hayo unasoma risala ya mazishi.

Kila tukio unalokutana nalo kwenye vitabu, lipime kwa swali lako. Lisilolijibu liache, hata kama ni tamu. Nimeacha vita vya Gettysburg vyote, pigano kubwa la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na Schurz alikuwapo akiongoza askari.

Kukimbia: msimulie polepole, kisha umkatishe

Habari ya Schurz kuikimbia Ujerumani ni ya kusisimua kiasi kwamba inaweza kula jioni yote. Ipe dakika kumi kati ya arobaini. Hakikisha kila dakika ina kitu cha kushikika.

Mwaka 1848 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Bonn, mtoto wa mwalimu wa shule ya kijijini. Watu walidai katiba na umoja wa Ujerumani, akaungana nao pamoja na mwalimu wake, Gottfried Kinkel. Majira ya joto ya 1849 alikuwa ndani ya ngome ya Rastatt iliyozingirwa na jeshi la Prussia, dola ya kifalme iliyotawala sehemu kubwa ya Ujerumani. Ngome iliposalimu amri mwezi Julai, yeye, mzaliwa wa eneo la Prussia, alijua akikamatwa huenda atapigwa risasi. Akaingia kwenye mfereji wa maji machafu na wenzake wawili. Mvua ilijaza mfereji, wakarudi nyuma, wakajificha juu ya dari ya kibanda huku askari wa farasi wa Prussia wakikaa chini yao. Walilala humo siku kadhaa wakiwa na njaa, bila kuthubutu kukohoa, ndipo wakarudi mferejini na kutokea ng’ambo ya kuta. Wakavuka mto Rhine wakaingia Ufaransa.

Hapo wasikilizaji wangu walikuwa kimya kabisa. Baba mmoja aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku mwaka 1996 alikuwa akitikisa kichwa tu. Usiharakishe kufunika ukimya kama huo kwa maneno.

Halafu eleza kurudi kwake, maana ndiko tabia yake inakoonekana. Kinkel alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha, akafungwa Spandau karibu na Berlin. Schurz alikuwa salama Uswisi. Akarudi Prussia kwa jina la bandia, akiwa na fedha zilizochangwa na mke wa Kinkel, Johanna, na marafiki. Akampata mlinzi mmoja wa gereza, jina lake Brune, akakubaliana naye. Usiku wa kwanza mpango ulikwama: funguo za chumba hazikuwa mahali pake. Usiku uliofuata, kati ya tarehe 6 na 7 Novemba 1850, Brune alimtoa Kinkel kupitia dirisha la darini na kumshusha kwa kamba. Vigae na matofali yalianguka njiani, na marafiki walipitisha gari la farasi barabarani ili kishindo cha magurudumu kifunike kelele. Kinkel alifika chini mikono imechubuka kwa kamba. Wakaendeshwa kwa gari la farasi hadi pwani ya kaskazini, wakapanda meli kwenda Uingereza. Schurz alikuwa na miaka 21.

Katiza hapo. Sema: alioa London mwaka 1852, mke wake Margarethe Meyer wa Hamburg, na Septemba mwaka huohuo walishuka New York. Endelea na mambo ya kujifunza lugha.

Lugha: hapa kaa sana

Hii ndiyo sehemu ambayo watu wetu walinukuu kwenye simu zao, na sababu ni kwamba inafanyika. Schurz alifika hajui Kiingereza cha kutosha hata kuagiza chakula. Katika kumbukumbu zake anaeleza njia yake: alichukua gazeti la kila siku la Philadelphia, mji walikokaa kwanza, akalisoma lote, tahariri, habari, hata matangazo ya biashara kadiri muda ulivyoruhusu. Kisha riwaya, kisha vitabu vya sheria. Na alikuwa na zoezi moja gumu: alichukua barua maarufu za kisiasa za Kiingereza za karne ya 18, akazitafsiri kwa Kijerumani, akaziweka kando, halafu akazirudisha kwa Kiingereza na kulinganisha na maandishi ya asili.

Usilieleze zoezi hili kwa mdomo tu, lifanyeni palepale. Mimi hugawa kipande cha gazeti la hapa, sentensi tatu. Kila mtu anaandika kwa Kiswahili upande mmoja wa karatasi. Tunaendelea na mazungumzo, na wakati wa chai anageuza karatasi na kuirudisha kwa Kiingereza. Ndipo natoa kipande chenyewe. Binti mmoja wa darasa la kumi na moja alikuta amesahau vineno vidogo vyote vya mbele ya nomino, “a” na “the”, na mama yake, ambaye hajapata kusoma shule ya huku, alikuwa amevipata. Wakacheka na kubishana mpaka chai ikapoa.

Ongeza kwamba hakuacha Kijerumani. Sehemu ya utoto wake aliiandika kwa Kijerumani, na alipofika kwenye maisha ya Marekani akaandika kwa Kiingereza. Huko Watertown, Wisconsin, walikohamia baadaye, Margarethe alifungua mwaka 1856 shule ya chekechea, ya kwanza katika Marekani, na lugha yake ilikuwa Kijerumani. Kwa wazazi wanaohofia kwamba kumsemesha mtoto Kiswahili nyumbani kutamchelewesha shuleni, habari hii ina uzito kuliko hotuba yangu yoyote. Mpe Margarethe nafasi yake. Mara nyingi anatajwa mstari mmoja kama mke wa mtu, wakati nchi nzima inapeleka watoto wake kwenye kile alichokianzisha kwa ajili ya binti yake na watoto wa jamaa.

Eleza mitambo ya siasa kabla hujafika kwenye ugomvi

Msikilizaji aliyekulia siasa za kwetu atapotea hapa usipomshika mkono. Tanzania mbunge akijitoa au kufukuzwa kwenye chama, kiti kimekwenda, na mgombea binafsi hatuna. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba seneta alimpinga hadharani rais wa chama chake na bado akabaki seneta, atadhani umekosea. Eleza mapema: seneta wa Marekani kiti ni chake hadi muhula uishe, apende chama asipende. Zama zile maseneta hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, walichaguliwa na bunge la jimbo. Na aliyezaliwa nje hawezi kuwa rais wa nchi. Hili la mwisho liseme wazi, maana linaeleza jambo kubwa kuhusu Schurz: alijua tangu mwanzo kwamba ngazi ya juu kabisa imefungwa kwake.

Eleza pia jinsi kazi za serikali zilivyotolewa. Chama kikishinda, makarani, wakuu wa posta, maofisa wa forodha, wote walibadilishwa wakawekwa watu wa chama. Na hao waliowekwa walikatwa sehemu ya mshahara kuchangia kampeni. Baraza langu halikuhitaji mfano wa pili. Mtu alisema kutoka nyuma, “Kujuana,” na tukaendelea.

Ingia sasa kwenye siasa zake. Alijiunga na chama cha Republican kwa sababu kilipinga kupanuka kwa utumwa. Mwaka 1857, kabla hata hajawa raia, chama kilimsimamisha kugombea unaibu gavana wa Wisconsin, akashindwa kwa kura chache. Tarehe 18 Aprili 1859 alihutubia Boston kwenye ukumbi wa Faneuil Hall. Jimbo la Massachusetts lilitaka wahamiaji wasubiri miaka miwili baada ya kuwa raia ndipo wapige kura, na waliolipigania walikuwa wengi wa chama chake. Akasimama kwao na kuwaambia kwamba haki zikianza kukatwa kwa kundi moja, hakuna la kuzuia zisikatwe kwa jingine. Wapiga kura wa jimbo wakapitisha kipengele hicho mwezi uliofuata hata hivyo. Mwambie msikilizaji hivyo hivyo.

Onyesha tukio moja kwa karibu: goti la Schurz

Katika kila maisha tafuta chumba kimoja ambacho unaweza kuingia na wasikilizaji wakaona samani. Kwa Schurz, chumba ni cha Rais Lincoln, mwaka 1862.

Schurz alikuwa amempigia Lincoln kampeni kwa Kijerumani na Kiingereza mwaka 1860. Akapelekwa Hispania kuwa mwakilishi wa Marekani, akaacha cheo kile cha starehe akarudi kupigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyoasi kutetea utumwa, akawa jenerali. Novemba 1862, baada ya chama kufanya vibaya kwenye uchaguzi, alimwandikia rais barua akimlaumu kwa kuwapa vyeo vya jeshi wapinzani wasioamini lengo la vita. Lincoln alijibu. Schurz akaandika tena, kwa ukali. Lincoln akajibu kwa ukali zaidi, kisha akamwita.

Asubuhi na mapema Schurz alipelekwa ghorofani. Akamkuta rais kwenye kiti mbele ya moto, miguuni amevaa sapatu kubwa mno za ngozi laini. Lincoln akamwambia avute kiti akae karibu. Akaupiga mkono wake mpana juu ya goti la Schurz na kumwuliza: “Haya niambie, kijana, kweli unaamini mimi ni mtu hafifu kama ulivyonichora kwenye barua yako?” Schurz, mwenye miaka 33, alikabwa na kitu kooni. Lincoln akamweleza shida zake kwa upole na kwa kirefu. Mwishoni akampiga goti tena, akicheka, akamwuliza kama barua aliyomjibu haikuwa kali, na kama ilimwumiza. Schurz akauliza kama aendelee kumwandikia. Akaambiwa aandike kila moyo unapomtuma.

Mimi huweka viti viwili mbele na kuwaita wawili wasome. Mzee mmoja wa kutoka Uvira alisoma nafasi ya Lincoln, akalipiga goti la kijana kwa nguvu hadi ukumbi mzima ukaguna. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kumkosoa kiongozi unayemuunga mkono.

Chora jedwali la kuhama, ujaze safu ya sababu

Hiki ndicho kiini cha kazi, na ndipo waandaaji wengi wanapokimbia. Chukua karatasi kubwa ya ukutani. Safu ya kwanza mwaka, ya pili aliyemuunga mkono, ya tatu sababu. Ukiishia safu ya pili, Schurz anaonekana kigeugeu kama wale wanaohama chama wiki moja kabla ya uteuzi. Safu ya tatu ndiyo inayotenganisha.

Mwaka 1872 alimkataa Rais Grant wa chama chake. Sababu: vyeo vya kujuana, mpango wa kuitwaa Santo Domingo (leo Jamhuri ya Dominika), na kutaka waliokuwa waasi wa Kusini wasamehewe. Yeye ndiye aliyeongoza mkutano wa Liberal Republican, yaani Republican waliojitenga na Grant, kule Cincinnati. Alitaka Charles Francis Adams awe mgombea, wajumbe wakamchagua Horace Greeley, mhariri wa gazeti, na Grant akashinda kwa kishindo. Mwaka 1876 alirudi na Hayes wa Republican, aliyeahidi kusafisha utumishi wa serikali. Hayes akampa wizara. Mwaka 1884 Republican walimteua Blaine, mwenye tuhuma za kujinufaisha na kampuni za reli, Schurz akamwunga mkono Cleveland wa chama pinzani cha Democratic, na Cleveland akashinda uchaguzi ule kwa jimbo la New York, tofauti ikiwa kura elfu moja na kitu tu.

Halafu kuna jozi inayowashangaza watu kila mara. Mwaka 1896 wagombea walikuwa McKinley wa Republican na Bryan wa Democratic. Schurz alimpinga Bryan kwa sababu ya sera yake ya fedha. Mwaka 1900 wagombea walikuwa walewale wawili, na Schurz akawa upande wa Bryan. Kati ya chaguzi hizo mbili, Marekani ilipigana na Hispania, ikaichukua Ufilipino kwa mkataba wa 1898 na malipo ya dola milioni 20, ikaanza kuwapiga Wafilipino waliotaka nchi yao. Tarehe 4 Januari 1899 Schurz alisimama Chuo Kikuu cha Chicago akasema wazi kwamba jamhuri haiwezi kutawala watu wasioridhia na ikabaki jamhuri. Umri wake ulikuwa unakaribia 70.

Jedwali likijaa, waambie vijana watafute sababu zinazojirudia. Watazipata wenyewe: ajira za umma kwa uwezo, na kukataa kutawala wengine kwa nguvu. Usiwatangulie.

Hapa pia ndipo mahali pa maneno aliyoyasema Seneti tarehe 29 Februari 1872, mwenzake wa Wisconsin, Matthew Carpenter, alipomrushia msemo wa kuipenda nchi iwe sawa au isiwe sawa. Schurz alijibu: “Nchi yangu, iwe sawa au imekosea. Ikiwa sawa, ilindwe ibaki sawa. Na ikiwa imekosea, irekebishwe.” Nusu ya kwanza ya jibu hilo hutajwa sana peke yake. Wasomee lote, wasomee mara mbili.

Waliolipia uhuru wake

Kama una muda mfupi, kata popote pengine, hapa usikate. Mwanasiasa mwenye msimamo wake anapofuata dhamira, wapo wanaobaki nyuma wakilipa.

Mwaka 1865 Rais Johnson alimtuma Schurz kuzunguka majimbo matano ya Kusini baada ya vita. Alirudi na ripoti nzito: Weusi walioachiwa huru walikuwa wakipigwa, wakiuawa, wakilazimishwa kurudia kazi za kitumwa kwa majina mengine, na akapendekeza wapewe kura. Johnson hakutaka kuisikia, Seneti ndiyo iliyoidai na kuichapisha. Ni kazi ya ujasiri kupita zote alizofanya, kwa maoni yangu.

Lakini ikapita miaka sita tu. Mwaka 1871 Bunge lilipotunga sheria ya kumpa rais nguvu za kuwakabili Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowatisha na kuwaua Weusi, Schurz aliipinga, akisema inaipa serikali kuu madaraka makubwa mno. Alitaka msamaha kwa waasi wa zamani. Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, alibaki na Grant mwaka 1872, kwa sababu aliona watu wake wataachwa bila ulinzi. Na katika kupinga kuchukuliwa kwa Santo Domingo, Schurz alitumia pia hoja kwamba watu wa nchi za joto hawafai kwa demokrasia ya Marekani. Isome hoja hiyo mbele ya watu weusi bila kuilainisha. Wana haki ya kujua kwamba mtu huyohuyo alikuwa na fikra hiyo.

Missouri nako, waasi wa zamani walirudishiwa kura kwa msaada wa Schurz na wenzake, Democratic wakalitawala bunge la jimbo, na muhula wake ulipoisha 1875 kiti chake akapewa Francis Cockrell, aliyekuwa jenerali wa upande wa watetezi wa utumwa.

Kisha Waponca, kabila la wenyeji asilia wa Marekani. Wizara aliyoshika Schurz kati ya 1877 na 1881 ilisimamia ardhi ya serikali, misitu na mambo ya wenyeji asilia. Alileta mitihani ya ajira, akafukuza wala rushwa, akapigania misitu isikatwe ovyo. Katika miezi yake ya kwanza, Waponca walihamishwa kwa nguvu kutoka Nebraska kwenda eneo ambalo leo ni Oklahoma. Wengi walikufa kwa maradhi. Mkuu wao, Standing Bear, alifiwa na mwanawe, akaondoka na mwili kurudi kumzika kwao, akakamatwa njiani. Mei 1879 jaji Elmer Dundy wa Omaha aliamua kwamba Mwenyeji asilia ni mtu mbele ya sheria na aachiwe. Inasimuliwa kwamba mahakamani Standing Bear aliinua mkono wake na kusema haufanani rangi na wa jaji, ila ukichomwa utauma vilevile. Schurz alikiri kwenye ripoti zake kwamba Waponca walidhulumiwa. Kuwarudisha hakutaka. Mwandishi Helen Hunt Jackson alimwandama magazetini.

Sehemu ya Standing Bear isisomwe na msimulizi mkuu. Mpe mtu mwingine, asimame upande wa pili wa chumba. Kwetu aliisoma mama aliyezika mtoto kambini, kwa ombi lake mwenyewe. Baada yake tulikaa, kisha nikauliza kama Schurz angetufaa kuwa waziri wa mambo yetu. Majibu hayakukubaliana, na sikuwalazimisha yakubaliane.

Vyanzo

Kumbukumbu za Schurz ni vitabu vitatu, vilianza kutoka 1907, baada ya kifo chake. Ni vitamu, ila aliviandika uzeeni, naye ndiye shujaa wa kila ukurasa. Tena kalamu yake ilikoma mwanzoni mwa miaka yake ya Seneti, kabla hajafika kwenye wizara, na wengine wakamalizia kwa muhtasari. Kwa hiyo kwa Rastatt na Spandau utamtegemea yeye. Kwa 1872 na kuendelea, tafuta hotuba na barua zake, zilizochapishwa 1913 kwa juzuu sita, pamoja na kumbukumbu rasmi za Bunge. Vyote ni vya zamani, haki za uchapishaji zimeisha, unavipata bure kwenye intaneti. Ripoti ya Kusini pia. Chapa ukurasa mmoja wa ripoti hiyo na mpe kila mtu. Karatasi ya 1865 mkononi ina nguvu ambayo maelezo yangu hayana.

Tarehe zote ziandike kubwa ukutani, watu wasizibebe kichwani. Majina ya Kijerumani yatamke mapema na mtu anayeyajua. Ramani mbili zinatosha: magharibi mwa Ujerumani penye mto Rhine, na Marekani yenye Philadelphia, Watertown, St. Louis na New York. Huko St. Louis alikuwa mmoja wa wenye gazeti la Kijerumani la Westliche Post, na kwenye gazeti hilohilo ndiko kijana mhamiaji kutoka Hungary, Joseph Pulitzer, alikoanzia uandishi. Vijana hulipenda hilo.

Mkiwa Wisconsin, wapelekeni watoto Watertown wakati wa kiangazi. Ni mwendo usiofika saa moja kutoka Milwaukee. Jengo dogo la chekechea ya Margarethe limehifadhiwa kwenye kiwanja cha Octagon House, nyumba ya makumbusho. Mkiwa New York, bustani ya Carl Schurz ipo Manhattan kando ya mto, na ndani yake ndimo ilimo Gracie Mansion, nyumba rasmi ya meya. Meya aliyechaguliwa Novemba 2025, Zohran Mamdani, ni mzaliwa wa Kampala. Nilipotaja hilo, Waganda wawili waliokuja kama wageni walipiga makofi peke yao.

Maswali ya mwisho

Bakiza nusu saa kamili. Waanze wanawake na vijana, wazee wafuate, la sivyo wazee watamaliza muda wote. Andaa maswali matatu mfukoni kwa ajili ya ukimya. Yangu yalikuwa: Je, Schurz angeweza kulinda Weusi wa Kusini na bado akapinga rushwa ya Grant? Je, wewe ukiwa raia wa hapa, ungeandika barua kama ile ya 1862? Na ukirudi kwenu leo, ni kiongozi gani wa chama chako ungemwandikia?

Swali la tatu litazua joto, hasa kwa Wakongo na Warundi, ambao majina ya viongozi kwao yana damu ndani yake. Weka sharti kabla: kila anayetaja jina ataje tendo na mwaka, asitaje kabila. Mteue mtu mmoja wa kusimamia sharti hilo, awe ni mtu ambaye pande zote humsikiliza. Kwetu ni yule mzee aliyesoma nafasi ya Lincoln. Karatasi za zoezi la tafsiri zikusanye, uzirudishe wiki inayofuata zikiwa zimesahihishwa.